Mfungwa wa Robben Island Aliyeitwa Kuokoa Jina la Wakaguzi

*Wiseman Nkuhlu na Nonkululeko Gobodo waliukuta mlango wa uhasibu umefungwa nchini Afrika Kusini kabla ya kuwa viongozi wa kazi hiyo. Makala haya yanafuata njia waliyoipita, na ubishi unaoendelea mpaka leo juu ya nani anastahili kukabidhiwa amana ya hesabu za watu.*

Mwezi wa Septemba mwaka 2017, tawi la Afrika Kusini la KPMG, mojawapo ya kampuni nne kubwa za ukaguzi wa hesabu duniani, lilijikuta limebaki bila ya wakubwa wake, kwani mwenyekiti, mtendaji mkuu na wabia wengine waandamizi, jumla yao watu 8, waliondoka kwa pamoja baada ya kudhihirika kwamba kazi zilizofanywa kwa kampuni za familia ya Gupta, matajiri waliokuwa wakiingia na kutoka kwa Rais Jacob Zuma kama watu wa nyumbani, hazikulingana na heshima ya ukaguzi.

Katika hesabu hizo zilikuwamo za kampuni iitwayo Linkway Trading, ambamo gharama za harusi ya familia hiyo, iliyofanywa kwa fahari kubwa huko Sun City mwaka 2013, zilipitishwa kama gharama za biashara. Na baadhi ya wabia wa KPMG walikuwa miongoni mwa waalikwa wa harusi ile ile.

Zaidi ya hayo, kampuni iliyafuta matokeo ya ripoti iliyoiandikia mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, ripoti iliyokuwa imetumiwa kuwachafulia jina watumishi wa mamlaka hiyo, ikakubali kurejesha randi milioni 23 ilizolipwa kwa kazi hiyo, na kuzitoa kwa ajili ya elimu na vita dhidi ya rushwa randi milioni 40 ilizozichuma kwa Gupta.

Wateja wakaanza kuhama. Mkaguzi wa hesabu hana bidhaa ya kuuza ila sahihi yake, na sahihi isiyoaminiwa haina mnunuzi, hata ikiwa imetiwa kwa kalamu ya dhahabu.

Hapo, mwanzoni mwa mwaka 2018, ndipo kampuni ilipomwendea mzee wa miaka 74, Profesa Wiseman Nkuhlu, ikamwomba akae katika kiti cha mwenyekiti. Mzee huyo, katika ujana wake, alitumikia kifungo katika kisiwa cha Robben, na alipotoka alikuta kwamba katika nchi yake yote hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeidhinishwa kuwa mhasibu wa daraja la juu. Akawa wa kwanza yeye.

Swali linalozuka ni jepesi kuuliza na zito kulijibu: kuna nini katika dhiki za mwanzo za mtu hata, baada ya miaka hamsini, walioelimika na kutajirika bila ya dhiki hizo wakalazimika kumwendea kumwazima jina lake?

Rai ya mwandishi wa makala haya ni kwamba dhiki kwa yenyewe haimfanyi mtu kuwa mwaminifu, kwa maana wengi wamepita katika dhiki wakatoka na tamaa tupu. Lakini mtu aliyenyimwa haki ya kutia sahihi, akaipata kwa taabu, kisha akajiona hawezi kuifurahia mpaka wengine nao waipate, huwa na sababu ya kuilinda ambayo hakuna mtihani wa bodi unaoweza kuitia moyoni mwake.

Mlango wa uanagenzi

Yafaa msomaji aelezwe kwanza jinsi mtu anavyokuwa mhasibu aliyeidhinishwa katika nchi ile, kwa sababu bila ya kuujua utaratibu huo hawezi kuuona ukubwa wa kikwazo. Mwanafunzi sharti asome shahada na masomo ya juu yake. Sharti ashinde mitihani ya taifa ya kazi hiyo. Na sharti afanye uanagenzi wa miaka kadhaa, aghalabu mitatu kwa mwenye shahada, chini ya ofisi iliyosajiliwa, akijifunza kwa mikono yake kulinganisha leja na hati, kuhesabu mali ghalani, na kuuliza maswali yasiyopendeza.

Mambo mawili ya mwanzo hutegemea akili na bidii ya mwanafunzi. La tatu hutegemea ridhaa ya mtu mwingine, na hapo ndipo siasa ya ubaguzi ilipoweka kufuli lake.

Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 ilikuwa imekwisha kuidhoofisha shule ya mtoto wa Kiafrika, na sheria ya mwaka 1959 ikavifunga vyuo vikuu vya Wazungu mbele yake, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Hata hivyo wachache walipenya, wakashinda darasani, wakapata shahada, kisha wakasimama mbele ya ofisi za wakaguzi na kuambiwa kwamba nafasi hakuna.

Sababu yake yataka kufahamiwa vizuri. Mkaguzi hafanyi kazi katika ofisi yake mwenyewe. Huenda kwa mteja, akapewa meza na vitabu, akamwita meneja amweleze malipo haya yalikwenda kwa nani na risiti yake iko wapi. Katika nchi ambayo Mwafrika alikatazwa na sheria kutumia choo kimoja na Mzungu au kula katika chumba kimoja naye, kijana wa Kiafrika kukaa kwenye meza hiyo na kumtaka meneja wa Kizungu ajieleze kulikuwa ni kuupindua mpango mzima wa dola. Wenye ofisi walijua hivyo. Na hata wale ambao nafsi zao hazikuwa na chuki walihofia kuwapoteza wateja, wakafunga mlango kwa upole badala ya kuufunga kwa kishindo.

> Mkaguzi huenda kwa mteja na kumtaka ajieleze. Katika nchi ya ubaguzi, Mwafrika kukaa kwenye meza ya mteja kulikuwa ni kuupindua mpango mzima wa dola.

Tuipime hali hiyo kwa kuitazama sehemu nyingine ya bara letu. Akintola Williams wa Nigeria alipata idhini ya uhasibu mwaka 1949, akafungua ofisi yake Lagos mwaka 1952, nchi yake ikiwa bado chini ya Waingereza. Tanzania ilipitisha sheria ya kuwasajili wakaguzi na wahasibu mwaka 1972, ndiyo iliyozaa bodi ya NBAA, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1977. Afrika Kusini, nchi yenye migodi ya dhahabu, soko kubwa la hisa na kampuni za ukaguzi za tangu zamani, ilimpata Mwafrika wake wa kwanza mwenye idhini hiyo mwaka 1976.

Mtoto wa Cala

Nkuhlu alizaliwa mwaka 1944 huko Cala, mji mdogo katika nchi ya Transkei, upande wa mashariki ya Rasi. Alikuwa bado kijana wa shule wakati polisi walipowaua watu 69 kule Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, katika maandamano ya kupinga pasi, vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, yaliyoitishwa na chama cha ukombozi cha PAC (Pan Africanist Congress). Na chama hicho kilipopigwa marufuku, yeye ni miongoni mwa vijana waliokifuata katika siri.

Wakubwa wa PAC waliopata njia ya kutoka walikimbilia ng'ambo, na wengi wao wakafika Dar es Salaam, ambako chama kiliweka makao yake ya uhamishoni kwa miaka mingi. Vijana kama Nkuhlu hawakupata njia hiyo. Alikamatwa, akahukumiwa, akapelekwa Robben Island, akakaa miaka miwili.

Mwenye kutoka kifungoni kwa kosa la siasa katika Afrika Kusini ya miaka ile alitoka akiwa na alama. Mwajiri alimwogopa, polisi alimfuatia, na jirani mwenye hadhari alipunguza salamu. Nkuhlu alichagua kurudi masomoni, akaingia Fort Hare, chuo ambacho kabla yake kiliwasomesha Charles Njonjo wa Kenya na Yusuf Lule wa Uganda, akatoka na shahada ya biashara. Kisha akaanza kuupanda ule mlima wa uanagenzi na mitihani, mpaka akaufikia upeo wake katika mwaka ule ule wa 1976 ambao wanafunzi wa Soweto waliuawa kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana.

Mambo hayo mawili yalitokea katika nchi moja na mwaka mmoja, na haifai kuyatenga. Nkuhlu hakuwa mtu aliyeiacha siasa akajificha katika tarakimu. Aliona, kama inavyoonekana katika kazi zake zote za baadaye, kwamba siku ya uhuru itakapofika itataka watu wanaojua kusoma mizania ya serikali, na kwamba watu hao hawawezi kuumbwa kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo mhasibu mwenye idhini ya kwanza na ya pekee angeweza kabisa kutolifanya: alikwenda kufundisha. Katika Chuo Kikuu cha Transkei, mjini Umtata, alijenga mafunzo ya uhasibu kwa ajili ya vijana wa Kiafrika, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa mkuu wa chuo hicho.

Hapa pana jambo lenye utata ambalo halifai kufichwa. Transkei ilipewa "uhuru" na serikali ya makaburu tarehe 26 Oktoba 1976, uhuru ambao dunia nzima iliukataa, na chuo chake kilikuwa ni tunda la mpango ule ule wa kuwatenga Waafrika katika vijisehemu vyao. Wako waliosema, na hoja yao ina uzito, kwamba kufundisha ndani ya chuo kile ni kuupaka rangi uzio wa gereza. Wako waliojibu kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya uzio hana budi afundishwe hapo alipo, maadam uzio haujaanguka.

Matokeo yameelekea upande wa jibu la pili. Wakati utawala wa wengi ulipoingia mwaka 1994, wahasibu kadhaa wa Kiafrika waliokuwa tayari kushika fedha za umma walikuwa wamepitia Umtata. Nkuhlu mwenyewe aliongoza bodi ya Benki ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, akawa rais wa taasisi ya wahasibu ambayo milango yake ilikuwa migumu kwake ujanani, kisha akamshauri Rais Thabo Mbeki katika uchumi na kuisimamia sekretarieti ya NEPAD, mpango wa maendeleo ya Afrika.

Binti wa gereji

Kutoka katika mji huo huo wa Umtata alitokea Nonkululeko Gobodo, ambaye mwaka 1987 alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi nchini humo kuidhinishwa kuwa mhasibu. Amesimulia hadharani, bila ya kujificha na bila ya kutafuta huruma, kwamba hakuwa mtoto wa kujiamini, na kwamba alipata mimba katika ujana wake, kabla ya kuingia chuo kikuu.

Kwa binti wa miaka ile, katika mji ule, habari kama hiyo ilihesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa habari zake. Wengi walioangukiwa na jambo hilo waliachwa hapo hapo lilipowaangukia. Gobodo alipewa kazi katika gereji ya baba yake, ya kunyoosha bodi za magari, akashika vitabu vya hesabu.

Anayejua gereji anajua pia hesabu zake zilivyo. Rangi na vipuri hununuliwa leo kwa gari litakalolipiwa mwezi ujao. Mteja mmoja analipa nusu, mwingine analeta maneno. Mafundi wanataka ujira wao Ijumaa, fedha ziwe zimeingia au hazikuingia. Mtu anayezishika hesabu za namna hiyo hujifunza mapema kwamba faida iliyo katika karatasi si lazima iwe fedha iliyo katika sanduku, somo ambalo wanafunzi wengi hulisoma kitabuni na kulifahamu baada ya kufilisika.

Hapo, katika kazi ambayo ilionekana kama ya kujisitiri, alitambua kwamba ana kipaji na kwamba anakipenda. Akajiunga na chuo alichofundisha Nkuhlu, mtoto wake akiwa nyumbani, akasoma mpaka akamaliza.

Baada ya kuidhinishwa angeweza kujistarehesha chini ya kivuli cha kampuni kubwa ya kigeni, ambayo katika miaka ya mageuzi ingefurahi kulitundika jina lake ukutani. Alichagua kujenga ya kwake. Mwaka 1996 alianzisha kampuni iliyobeba jina la Gobodo, na mwaka 2011 ikaungana na nyingine kuwa SizweNtsalubaGobodo, kampuni ya weusi iliyohesabiwa kuwa ya tano kwa ukubwa nchini, nyuma ya zile nne za kimataifa.

> Alipata kazi ya kushika vitabu katika gereji ya baba yake. Hapo alitambua kwamba ana kipaji na kwamba anakipenda.

Mwandishi huyu humwona Gobodo kuwa kiongozi kwa sababu moja kuliko zote, nayo ni kwamba hakuificha ile sehemu ya maisha yake ambayo wengine wangeikata. Kazi ya ukaguzi kwa asili yake ni kumtaka mtu aonyeshe deni lake pamoja na mali yake. Mwenye kuzificha hasara zake mwenyewe ana haki gani ya kuwauliza wengine juu ya zao?

Pande zinazobishana

Hata hivyo hoja hiyo haikubaliwi na wote, na wanaoipinga si wajinga.

Wako wanaosema kwamba habari za dhiki na ushindi ni tamu kusikiliza, lakini ukaguzi ni elimu yenye vipimo, na kwamba kumtazama mtu alikotoka badala ya kutazama anachokijua ni kuifungulia milango kazi dhaifu. Kwa hawa jibu ni kwamba Nkuhlu na Gobodo walifanya mitihani ile ile waliyofanya wenzao Wazungu, wakasahihishwa kwa kalamu ile ile, na kikwazo chao hakikuwa maarifa bali nafasi. Mpango wa Thuthuka, uliobuniwa na taasisi ya wahasibu mwanzoni mwa karne hii ili kuwalipia na kuwasaidia wanafunzi weusi, haukupunguza alama za kufaulia. Ulichofanya ni kuongeza walimu, makazi na ada.

Wako wengine wenye hoja nzito zaidi, na hiyo ndiyo inayomshughulisha mwandishi huyu. Wanasema: tazameni yaliyotokea mwaka 2018.

Mwezi wa Machi mwaka huo, Nkuhlu akiwa ndiyo kwanza ameingia KPMG, benki ndogo ya VBS ya jimbo la Limpopo iliwekwa chini ya msimamizi. VBS ilizaliwa mwaka 1982 katika nchi ya Venda, na walioweka fedha humo walikuwa wajane, wastaafu, vikundi vya upatu na vya kufa na kuzikana, pamoja na halmashauri kadhaa zilizoweka fedha za umma kinyume cha sheria. Uchunguzi uliotolewa mwezi wa Oktoba ulionyesha kwamba karibu randi bilioni 2 zilikuwa zimeporwa na wakubwa wa benki na marafiki zao.

Hesabu za benki hiyo zilikuwa zimepewa hati safi na KPMG. Mwezi wa Aprili wabia wawili waliondoka katika kampuni walipokabiliwa na mashtaka ya nidhamu juu ya masilahi yao kwa VBS ambayo hawakuyatangaza. Benki iliyoporwa ilikuwa ya weusi, na wengi wa walioguswa na kashfa hiyo walikuwa weusi pia. Mwezi huo huo, Mkaguzi Mkuu wa serikali, Kimi Makwetu, alivunja mikataba yote ya ofisi yake na KPMG, na pia na Nkonki, kampuni ya ukaguzi ya weusi iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo umiliki wake ulikuwa umehusishwa na fedha za akina Gupta. Nkonki ikafa.

Basi, wanauliza hao wenye hoja, iko wapi faida ya kumtanguliza mtu aliyepita katika dhiki? Mwizi hana rangi, na mtoto wa maskini akiupata ufunguo wa hazina anaweza kuiba kama mtoto wa tajiri.

Hilo ni kweli. Lakini halivunji hoja, bali huiweka mahali pake. Ufukara alioupitia mtu si ithibati ya uadilifu. Ithibati ni yale aliyoyafanya baada ya kupata uwezo, na hasa yale aliyokuwa tayari kuyapoteza. Kampuni iliyobeba jina la Gobodo, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuondoka, iliikagua Eskom, shirika la umeme la taifa, katika hesabu za mwaka ulioishia Machi 2017, wakati nguvu ya akina Gupta ilikuwa bado juu, ikatoa hati yenye shaka kwa sababu ya matumizi yasiyofuata taratibu. Wasomaji wetu, ambao kila mwaka husubiri ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kutazama ni halmashauri gani imepata hati safi na ipi imepata yenye shaka, wanajua maneno hayo machache yanavyomkasirisha mkubwa anayeandikiwa.

> Ufukara si ithibati ya uadilifu. Ithibati ni yale ambayo mtu alikuwa tayari kuyapoteza baada ya kupata uwezo.

Na Nkuhlu, alipokuta kwamba moto aliokuja kuuzima una moto mwingine chini yake, hakuondoka, ijapokuwa katika umri wake na kwa heshima yake hakuna ambaye angemlaumu. Kampuni ilitangaza kwamba kazi za wabia wake za miezi 18 iliyotangulia zitapitiwa upya na watu wa nje, na masilahi yao ya fedha yahakikiwe. Mwezi wa Juni ikakubali kwamba hadi watu 400 watapoteza kazi. Na baadaye ikaamua kutowauzia ushauri wateja wakubwa wa soko la hisa inaowakagua, kwa kutambua kwamba mkono unaopokea ada nono ya ushauri huona haya kuandika hati chafu.

Uamuzi huo wa mwisho ndio ulio bora kuliko yote, kwa kuwa ulikata mapato. Hotuba za toba ni rahisi, na kila kampuni iliyofedheheka huzitoa.

Tabia au sheria?

Ubishi wa tatu ni kati ya wanaotegemea tabia ya kiongozi na wanaotegemea sheria. Mwaka 2017 bodi inayosimamia wakaguzi, IRBA, iliamua kwamba kuanzia Aprili 2023 kampuni yoyote kubwa inayouza hisa kwa umma isikaguliwe na wakaguzi wale wale kwa zaidi ya miaka 10, kwa sababu ziko kampuni zilizokaa na mkaguzi mmoja kwa miongo mingi, na urafiki wa kukaa sana huzaa usingizi.

Uamuzi huo ulikuwa na fungu la pili lisilosemwa sana: mteja akilazimika kubadilisha mkaguzi, kampuni changa za weusi, ambazo hazikuwa zikipata kazi hizo kwa sababu hazikuwahi kuzipata, zingepata nafasi ya kuomba. Wakubwa wa soko walipinga, wakisema gharama zitapanda na maarifa ya miaka mingi juu ya mteja yatapotea. Kikundi cha wahasibu kikapeleka shauri mahakamani, na mwezi wa Mei 2023 Mahakama Kuu ya Rufaa ikaamua kwamba bodi haikuwa na mamlaka ya kuweka kanuni hiyo. Ikafutwa.

Mwandishi huyu anaona hasara katika hukumu hiyo, pamoja na kuiheshimu. Nkuhlu ni mmoja, na watu wa namna yake hawazaliwi kwa kuagizwa. Kuiacha amana ya wastaafu na wajane itegemee bahati ya kupata mwenyekiti mwema ni jambo la hatari. Makwetu, aliyefariki mwaka 2020, alilifahamu hilo alipopigania sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2019, ikimpa Mkaguzi Mkuu uwezo wa kuwapeleka wafujaji kwa vyombo vya uchunguzi, na hata wa kuwadai fedha walizozipoteza, baada ya miaka mingi ambayo ripoti zake zilisomwa na kutiwa kabatini, na watumishi wake kutishwa katika halmashauri walizozikagua.

Mkataba wa mwanagenzi

Limebaki jambo moja, nalo ni ule uanagenzi ulioanza habari hii. Chuo Kikuu cha Transkei hakipo tena kwa jina hilo. Mwaka 2005 kiliunganishwa na vingine kuwa Chuo Kikuu cha Walter Sisulu, na Umtata sasa huandikwa Mthatha. Pasi zimekwisha, vyoo vya kutenganisha watu vimekwisha, na hakuna waziri anayetoa kibali cha kusoma. Waafrika miongoni mwa wahasibu walioidhinishwa nchini humo wameongezeka mno tangu mwaka 1976, ingawa bado hawajafikia sehemu inayolingana na wingi wao katika taifa.

Lakini sharti la uanagenzi liko pale pale, na ni haki liwepo, kwa kuwa hakuna anayejifunza kukagua kwa kusoma tu. Binti wa leo anayeshika vitabu katika gereji ya babaye Mthatha, akimaliza shahada yake, bado atatafuta ofisi iliyosajiliwa ya kumwandikia mkataba wa miaka mitatu, na ofisi zilizo nyingi ziko Johannesburg, Cape Town na Durban, mbali na kwao, ambako kodi ya chumba humaliza posho ya mwanagenzi kabla ya mwezi kufika nusu. Kampuni kubwa zilizopata kumwomba mzee wa Cala alisafishe jina lao zina uwezo wa kufungua ofisi za uanagenzi katika miji kama Mthatha, zikalipa mishahara ya wanagenzi kutoka katika ada za wateja wa mijini, na taasisi ya wahasibu ina uwezo wa kuzitaka zifanye hivyo kabla ya kuzisajilia wanagenzi wapya wa Johannesburg.